Swali la Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla sijafungua duka la dawa,
naandika kwa chaki mlangoni pa baa ya Farasi wa Kijivu
swali moja tu. Pweza ana mioyo mingapi?
Kufika saa nne mvua ya Bethesda imekwisha kula neno "mioyo",
na dereva wa basi ananipigia honi, anainua vidole vitatu.
Basi, siku imeanza.

Lakini Alhamisi usiku ndiyo chemsha bongo yenyewe:
maswali ishirini, meza tisa, penseli zilizotafunwa,
na mimi, Mererid, na maikrofoni inayokohoa kuliko wateja.
Hapa anayeshindwa hanipi mji.
Ananipa karatasi iliyolowa bia,
na maneno. Maneno ndiyo mengi.
Garmon, mwalimu mstaafu, aliwahi kunifuata hadi msalani
kudai nusu alama ya nyanya:
tunda au mboga? Kwa mpishi, au kwa bwana mimea?
Nikamjibu nyuma ya mlango: Garmon, kwa sasa ni kero.
Nusu yake nilimpa. Nami nataka kulala.

Kwenye kona, kando ya mashine ya sigara isiyouza sigara,
hukaa Tecwyn, timu ya mtu mmoja.
Penye Jina la Timu huandika: Mimi.
Miaka thelathini na mmoja alipasua mawe ya vigae machimboni;
kidole cha shahada kilibaki huko huko.
Waimbaji hawajui. Sinema hazijui.
Mpira anaujua ule wa zamani,
wa magolikipa wasiovaa glavu.
Kila Alhamisi anavuta mkia,
kila Alhamisi anarudi.

Ndiyo maana swali la kumi na saba ni lake.
Sijamwambia mtu.
Jiwe zuri hupasukia upande gani? Kigae kikigongwa
kikalia kama kikombe chenye ufa, kina nini?
Cha inchi ishirini na nne kwa kumi na mbili kiliitwaje?
Maana vigae vilikuwa na vyeo: Malkia, Dachesi, Kauntesi, Ledi.
Watu wasio na soksi kavu
wakishinda wamebeba mabibi wakubwa begani.
Tecwyn akisikia haandiki upesi. Hufuta kwanza miwani,
kisha herufi moja moja, kama anayechonga.

Juzi nikauliza jepesi: inchi ishirini kwa kumi?
Akafuta miwani.
Akafuta tena.
Akakitazama kile kigutu cha kidole
kana kwamba jibu lilikatikia pale.
Penseli ikalala.
Nikalisoma swali mara ya pili, polepole,
kinyume cha kanuni nilizozibandika ukutani mwenyewe.
Iliyojibu ni redio ya jikoni tu: kesho mvua.

Nikasahihishia kaunta, karibu na taa.
Kumi na saba: tupu. Ya Tecwyn.
Kumi na saba: tupu. Ya wauguzi wa zamu ya usiku.
Ya Garmon, Garmon asiyeacha hata nukta ipite,
ilikuwa na neno lililofutwafutwa mpaka karatasi ikatoboka,
ila K ya mwanzo ilichungulia.
Meza tisa. Hakuna hata moja.
Miaka yote ile nikiziona tupu
nilisema moyoni: hawa watu hawajui mlima unaowanyeshea.
Kumbe asiyejua nilikuwa mimi.

Nikasoma majibu. Kumi na sita. Kumi na nane.
Hakuna aliyeuliza.

Watu wakavaa makoti. Tecwyn mlangoni,
mkono mmoja ndani ya shati la mvua, mwingine ukitafuta njia,
akasimama.
"Kauntesi," akaiambia chaki ya jana.

Kimya. Halafu Garmon, bila kugeuka:
"Amechelewa. Lakini nusu alama anastahili."

Tulibishana robo saa nzima.
Nikampa nusu.
Na bado akavuta mkia.